Kumi na Tatu ya Nini?

Pikapu ya Elkanah Nyakundi ilikuwa na jina, na si yeye aliyeipa. Iliitwa Karibuni. Familia ikitua uwanja wa ndege wa Minneapolis kutoka kambi za Uganda au Burundi, au Mkenya akihama chumba kimoja kwenda viwili, neno la kwanza lililomfikia kutoka dirisha la pikapu ile ya kijani lilikuwa hilo. Kisha vitanda vikapakiwa, magodoro yakafungwa kamba, na watu wakahamia. Elkanah aliifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, Jumamosi kwa Jumamosi, bila kuombwa mara mbili. Asiyeamini kwamba lilikuwa gari la baraka hajawahi kuhamia Saint Paul mwezi wa pili.

Ila lilikuwa na ila yake, na ila yenyewe ni kiu. Pikapu kubwa ya mwaka 2002, silinda nane, kitanda cha nyuma cha kulaza ng'ombe: hapo hata mwenye gari hategemei muujiza. Lakini Karibuni ilikuwa imepita kiasi. Ilikunywa petroli kwa pupa, na bado ikipanda njia ya kuingilia barabara kuu ya 94 ilikohoa mpaka malori ya nyuma yakaipigia honi. Elkanah alikuwa na dawa yake ya jambo hilo. Alifungua redio.

Mkewe Joan hakuwa mtu wa kufungua redio. Joan alikuwa mfamasia wa hospitali, mwanamke wa vipimo, na miezi miwili mizima alijaza tangi mpaka shingoni, akaandika maili, akajaza tena, akagawanya. Jioni moja mwishoni mwa Agosti, wakiwa sebuleni kwao Oakdale, alifunga daftari.

"Baba Ken, kumi na tatu."

"Kumi na tatu tu?"

"Maili kumi na tatu kwa galoni moja. Na hiyo ni kwa highway, si kwa traffic. Kijitabu cha gari kinasema ikitoka kiwandani ilikuwa inafanya kumi na nane. Mimi sitaki miujiza. Nataka iwe vile ilizaliwa. Ikifika kumi na nane kabla theluji ianze, ibaki. Isipofika, Bravin aichukue."

Elkanah alijua Bravin aliitakia nini. Bravin alikuwa kijana wa Inver Grove Heights mwenye kampuni ya kukata nyasi, mwenye adabu zake na tabasamu zuri, na hakutaka Karibuni ya kuendesha. Alitaka kuikata katikati. Kichwa kiende kwa wauza vyuma, kitanda cha nyuma kigeuzwe trela la kubebea mashine zake. Alikwisha kupima kwa futi, mbele ya Elkanah, huku akitafuna bigijii. Wazo la msumeno kupita pale nyuma ya kiti lilimuuma Elkanah kuliko alivyoweza kumweleza mkewe. Na lililomuuma zaidi ni kwamba Joan alikuwa na haki.

"Sawa," akasema. "Kumi na nane."

Sasa, kuna mafundi wengi katika miji hii pacha ya Minneapolis na Saint Paul, na wengi wao, ukiwapelekea gari la umri ule, hukutazama kwa huruma na kukushauri ununue jingine. Elkanah hakuwataka. Alimkumbuka Emérance.

Emérance alikuwa Mkongo wa Goma. Majira ya baridi matano yaliyopita, Karibuni ilimbeba yeye, watoto wake watatu, vitanda viwili na meza yenye miguu mitatu, ikawashusha upande wa mashariki wa Saint Paul, theluji ikiwafika magotini. Siku hiyo Elkanah alibeba godoro peke yake kichwani mpaka ghorofa ya pili, na Emérance, aliyekuwa hajui neno la Kiingereza, alifungua bonneti ya pikapu wakati wengine wanakunywa chai, akasikiliza injini, akatikisa kichwa, akaifunga. Elkanah aliona ni udadisi tu. Hakujua kwamba baba yake alikuwa na malori manne ya kwenda Butembo, na kwamba binti huyo alikulia chini ya malori hayo na spana mkononi. Siku hizi Emérance alifanya kazi ya kuunganisha vifaa vya hospitali katika kiwanda, Jumatatu mpaka Ijumaa, na Jumamosi alifungua gereji ya nyumba yake. Watu walipanga foleni. Fundi wa jinsi ile ukimpata, unamficha.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba, Elkanah aliegesha Karibuni mbele ya gereji hiyo. Emérance alitoka akipangusa mikono, kitenge kiunoni juu ya suruali ya kazi.

"Papa Elkanah! Na Karibuni! Mungu wangu, njo ile ile?"

"Ni hiyo hiyo, Mama Rachelle," Elkanah akajibu. Rachelle alikuwa kifungua mimba wake, na Elkanah hakuwahi kumwita mama wa watu kwa jina tupu. "Lakini nimekuja na shida. Mama Ken anataka kuiuza. Amesema lazima ifike kumi na nane."

Emérance akakunja uso. "Kumi na munane?"

"Kumi na nane. Ndiyo ibaki."

Hapo Emérance akacheka, akacheka mpaka akashika mlango wa gari. "Paka kumi na munane tu! Papa, wewe uko mutu wa kuomba kidogo. Tutapita pale. Nakuambia, tutapita pale mbali."

Elkanah naye akacheka, moyo ukamtulia. Ndivyo fundi anavyopaswa kuongea, akawaza. Angejua kilichomchekesha yule mama, angelia.

Kabla ya kugusa chochote, Emérance alipima. Alikuwa na namna yake, na namna yenyewe ilitoka kwa baba yake, ambaye madereva walimwibia mafuta mpaka akajifunza kutoamini chombo chochote isipokuwa kidumu. Alijaza tangi mpaka petroli ikaonekana shingoni. Akaendesha kwenda na kurudi kwa barabara ya Hastings, safari aliyoipima yeye mwenyewe. Akarudi pale pale, akajaza tena polepole kutoka kidumu cha plastiki chenye mistari aliyoikwaruza kwa msumari, akiinama kuhesabu. Akaandika kitu kwenye kipande cha boksi, akakichomeka nyuma ya rafu.

Kisha akafungua bonneti, injini ikiwa bado inanguruma, akaweka kiganja juu ya mpira mnene unaopeleka maji kwenye rejeta. Akakiacha hapo. Akamtazama Elkanah.

"Papa, hii moteur iko baridi. Tumetembea saa nzima na iko baridi. Nani alitoa thermostat?"

Elkanah alijinyoosha kwa fahari, masikini. "Naftali aliitoa. Fundi wetu wa zamani, alishahamia Texas. Tangu aitoe haijawahi kuchemka hata siku moja. Ona hiyo sindano ya joto, inalala tu!"

Na kweli alikuwa ameipenda sindano ile. Mtu aliyekua akiona magari yamechemka kwenye mteremko wa Mai Mahiu, bonneti wazi, dereva amesimama na kidumu cha maji na uso wa msiba, hawezi kuiona sindano iliyolala asimshukuru Mungu. Kwao, fundi akitaka kukupa zawadi anakutolea themostati, ile inayozuia maji yasiipoze injini kabla haijapata joto, na kuitupa kwenye nyasi. Miaka sita Elkanah alikuwa akiendesha Minnesota, nchi ambayo Januari inagandisha kope, akiwa ameiokoa injini yake na hatari ya joto.

Emérance hakumcheka safari hii. "Hata miye, kule Goma, nilitoaka hizo, siwezi hata kuhesabu. Kule jua iko mingi, inafaa. Lakini huku, Papa, moteur ikikosa joto inafikiriaka ni asubuhi. Siku yote inafikiria ni asubuhi. Inaomba essence mingi, petroli ya kuamkia. Miaka sita haijawahi kufika saa sita ya mchana."

Elkanah aliitazama injini yake, iliyokuwa imeamka kila siku kwa miaka sita na haijapata kuamka kabisa. Alitamani kuiomba radhi.

Kazi ilichukua Jumamosi tatu, na Elkanah hakukosa hata moja, ingawa kazi yake ilikuwa kushika tochi tu. Alikuwa nesi wa nyumba ya wazee kule Woodbury, miaka kumi na minne, na alikuwa ameona madaktari wakubwa kwa wadogo wakimpima mgonjwa. Hakuna hata mmoja aliyesikiliza mwili wa mtu kama Emérance alivyosikiliza lile gari. Hakubahatisha. Aliweka themostati mpya. Alifungua kisanduku cha kichujio cha hewa akakuta kindi amehifadhi humo chakula chake cha majira ya baridi, njugu za mwaloni tele, na gari zima likivuta pumzi kupitia ghala la kindi. Aliisafisha sensa ya hewa kwa dawa ya kupuliza, bila kuigusa hata kwa ncha ya kidole, akapumua kwa utulivu kama anayefunga kidonda cha mtoto. Alitoa plagi nane, akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda, akamwonyesha Elkanah ya sita. Ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Hii njo ilikuwa inakohoa kwa ile mulima," akasema.

Kisha akaliendesha gari mtaa mmoja, akashuka, akapitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu la nyuma kushoto likamrudisha mkono kwa joto. Breki yake ilikuwa imeganda; Karibuni ilikuwa ikivuta mizigo ya watu na kujivuta yenyewe kwa wakati mmoja. Nayo mifuko sita ya mchanga ambayo Elkanah aliilaza kitandani mwa pikapu ili isiteleze kwenye barafu, je? Aliilaza misimu miwili iliyopita. Ilikuwa bado imelala chini ya turubai.

"Papa Elkanah, hawa ni nani?"

"Ni mchanga wa winter."

"Winter ya mwaka gani?"

Elkanah aliishusha mwenyewe, mfuko kwa mfuko. Tairi zake za meno makubwa, za kupitia matope ambayo hayapo Oakdale, zilibadilishwa na tairi za lami zilizotumika kidogo. Upepo ukajazwa sawasawa. Hakuna kilichokuwa cha ajabu, na hapo ndipo palipokuwa na ajabu yenyewe: mwanamke yule hakuongeza kitu kwenye gari. Alikuwa akiondoa kimoja kimoja vyote vilivyolizuia.

Elkanah alipoomba kulipa, Emérance alitaja bei ya vipuri. Elkanah akauliza ya kazi.

"Hii gari ilibeba vitanda vya watoto wangu," Emérance akasema, na akageuka kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Jumamosi ya mwisho Elkanah alichelewa, kazini walikuwa na upungufu wa watu. Alipofika, Emérance alikwisha kwenda Hastings na kurudi, kidumu kiko chini, na alikuwa akivaa koti kukimbilia zamu ya ziada aliyoitiwa kiwandani. Uso wake uling'aa. Akampa kile kipande cha boksi.

"Kumi na munane ilikuwa. Imefika kumi na tatu! Mungu iko mukubwa, Papa. Nimejaza, nimerudisha compteur kwa zero. Nakimbia!"

Na akakimbia kweli. Elkanah alibaki ameshika boksi. Juu yake palikuwa na 18, mshale, kisha 13, na vijiherufi pembeni ambavyo hakuvijali, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameganda kwenye namba. Kumi na nane ilikuwa. Ndiyo, kumi na nane ndiyo iliyokuwa ikitafutwa. Na imefika kumi na tatu. Kumi na tatu ile ile ya daftari la Joan. Jumamosi tatu, plagi nane, na kindi aliyefukuzwa kwake, kwa ajili ya kumi na tatu.

Emérance alikuwa bado mlangoni mwa gari lake, anasubiri neno. Elkanah alijitahidi. Hakutaka kumwonyesha kwamba moyo umevunjika, maana mama wa watu amefanya alichoweza na hakuchukua hata senti ya jasho lake. Akatafuta neno la kumfariji mtu aliyeshindwa.

"Umejaribu, Mama Rachelle," akasema. "Umejaribu."

Emérance akatabasamu, akapiga honi, akaenda.

Sasa sikiliza upuuzi wa binadamu. Njiani kurudi Oakdale, pale pa kuingilia 94, Elkanah alikanyaga mafuta kwa mazoea, mguu mzima, redio tayari inapiga. Karibuni ikaruka. Haikukohoa. Ilipanda ikinguruma kwa sauti nene, safi, na lori lililokuwa nyuma likaonekana dogo kwenye kioo. Hewa ya moto ilitoka miguuni, ya kwanza kwa miaka sita, mpaka akafungua zipu ya koti. Mwili wake wote ulimwambia kwamba gari limepona. Lakini mfukoni alikuwa na namba, na aliiamini namba kuliko makalio yake mwenyewe. Elkanah huyu huyu ndiye aliyewafundisha wauguzi wapya kule Woodbury, na alikuwa hana masihara katika jambo moja. Mwanafunzi akija mbio na kusema, "Nimpe mia tano," Elkanah alimsimamisha papo hapo mlangoni: "Mia tano ya nini?" Namba bila kipimo chake, aliwaambia, inaua mtu. Walimcheka kisirisiri kwa ajili ya swali hilo. Walilijua kwa moyo.

Nyumbani aliweka funguo mezani. "Kumi na tatu," akamwambia Joan, na akapanda ngazi.

Joan hakushangilia, na kwa hilo alistahili kusifiwa. Alikaa na chai yake muda mrefu. Kisha akampigia Bravin, maana makubaliano ni makubaliano, wakapanga Jumamosi inayofuata saa nne asubuhi.

Wiki hiyo Elkanah aliendesha Karibuni kama mtu anayemtembeza mgonjwa asiyepona. Alikuwa amemwahidi mama mmoja mgeni, Kirezi, kumhamisha kutoka nyumba ya kanisa kwenda kwake mwenyewe Maplewood, na hakuweza kuvunja ahadi. Akapeleka vitanda, akarudi, akapeleka kabati, akapeleka mashine ya kufulia. Watoto wa Kirezi walipanda mbele, wakanyoosha viganja kwenye ule upepo wa moto, wakacheka. Elkanah alilazimika kuangalia upande mwingine. Hakumwambia Emérance kwamba gari linauzwa. Aliona ni ukatili.

Jumamosi ilipofika, Joan alivaa koti lake akasema anakuja pia. "Siwezi kukuacha uende peke yako kama unaenda mazishi," akasema. Wakatoka Oakdale. Walipokaribia barabara ya kuteremkia Inver Grove Heights, Joan akanyoosha kidole kwenye kituo cha petroli.

"Ingia hapo. Tuijaze."

"Ya nini? Si anaenda kuikata?"

"Baba Ken, mama yangu hakuwahi kurudisha sahani ya mtu ikiwa tupu, na mimi simpi mtu gari tupu. Ingia."

Elkanah akaingia. Alisimama kando ya pampu ameshika mpini, macho yakiwa kwenye lami, mpaka pampu ilipojifunga yenyewe kwa kishindo kidogo. Akabonyeza tena, ikakataa. Akabonyeza tena, petroli ikaonekana shingoni.

"Imekwama hii pampu," akasema. "Imekubali galoni saba tu."

Joan alikuwa ndani, na kwa mazoea ya miezi miwili macho yake yalikuwa kwenye kile kihesabu maili ambacho Emérance alikirudisha sifuri. Kilisoma mia moja ishirini na nane. Akagawanya kichwani, kwa kuwa kwa Joan kugawanya ni kama kupumua. Kisha akatoa simu akagawanya tena kwa mashine. Kisha akateremka, akaizunguka pikapu, akasoma pampu kwa macho yake.

"Baba Ken. Fundi alijaza mpaka wapi?"

"Mpaka shingoni. Yeye hujaza hivyo."

"Na hujaongeza popote wiki hii?"

"Wapi! Sikuwa na moyo."

"Hii ni kumi na nane," Joan akasema. "Ni kumi na nane na kitu. Na ulikuwa umebeba makabati."

Elkanah alitikisa kichwa kama mtu anayefukuza inzi. "Haiwezi. Mama Rachelle alipima mwenyewe. Aliniandikia." Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kipande cha boksi kilichojikunja, akampa. "Ona. Kumi na tatu."

Joan alikitazama. Akamtazama mumewe. Na kwa sauti ya upole ambayo Elkanah angeipenda zaidi kama ingekuwa ya ukali, akauliza:

"Kumi na tatu ya nini?"

Kidole chake cha gumba kilikuwa kando ya vile vijiherufi vya pembeni. Elkanah alivisoma kwa mara ya kwanza. L/100.

"Lita," Joan akasema. "Lita kwa kilomita mia. Wao kule Kongo hawahesabu gari linaenda umbali gani. Wanahesabu linakunywa kiasi gani. Namba ikishuka ndiyo sherehe. Lita kumi na nane kwa kilomita mia ni zile maili zetu kumi na tatu, zile za daftari langu. Na lita kumi na tatu..." Alisimama akagawanya, akacheka kwa mshangao. "Lita kumi na tatu ndiyo maili kumi na nane. Zimegeukiana tu! Huyo mama amefika kwenye namba yangu kamili, akakuandikia, akakupa mkononi."

Elkanah alikaa kwenye ngazi ya pikapu, pale pale kituoni, watu wakimpita na kahawa zao. Alimwona akilini Emérance akiwa ameng'aa uso, amesimama mlangoni kusubiri neno lake. Na yeye akampa neno gani? Umejaribu. Miaka kumi na minne ya kuwasimamisha watoto wa watu milangoni, na siku swali lilipohitajika kweli, alilisahau. Aliona aibu mpaka masikioni, na hakuificha.

Joan alikuwa ameshika simu sikioni. "Bravin, mwanangu, usinikasirikie. Gari haliuzwi... Hapana, hatujapata mteja mwingine. Nilisema kumi na nane, na imefika. Mimi ndiye niliyeweka masharti, mimi ndiye nayafuata... Ukitaka kuhamisha mashine zako, Mzee atakuja akubebee. Ehe, bure." Akakata simu, akapanda, akafunga mkanda. "Twende kwa Mama Rachelle."

Njia nzima Elkanah alipanga maneno ya kuomba msamaha. Aliyapanga kwa Kiswahili sanifu, kama hotuba ya harusi. Walimkuta Emérance amelala chini ya gari la mtu, miguu tu iko nje, na alipotoka na kuona mume na mke wamekuja pamoja, alifurahi mno.

"Mama Rachelle," Elkanah akaanza, "nimekuja kwa ajili ya lile neno nililokuambia wiki iliyopita..."

"Eh, Papa!" Emérance akamkata. "Lile neno lilinifurahisha sana! Mwanzoni miye sikujuaka maana yake. Mukenya mumoja kule kazini aliniambia 'umejaribu', nikalia kwa choo, nikafikiri ameniambia nimeshindwa. Kisha Mama Lois wa kule kazini akanielezea: hapana, Bakenya bakisema umejaribu, ni sifa, ni bravo! Sasa wewe uliniambia mara mbili. Mara mbili, Papa Elkanah! Nilifanya ile zamu yote nikiimba."

Joan alianza kuchunguza mawingu kwa makini sana. Ilikuwa kweli kabisa: kwao, mtu akikujengea nyumba nzuri unasimama mlangoni na kumwambia amejaribu, naye anajua amesifiwa. Neno lilikuwa na nyuso mbili, Elkanah akampa ule mbaya, na mama wa watu akaupokea ule mzuri na kutembea nao wiki nzima. Angeweza kunyamaza hapo, akanywa chai, akarudi nyumbani shujaa.

"Mama, sikusema hivyo," akasema. "Nilisoma vibaya. Nilidhani ni maili. Nilidhani gari halijabadilika, na nilikuwa ninakufariji. Leo asubuhi tulikuwa tunalipeleka likakatwe."

Emérance alimtazama, kisha akamtazama Joan, kisha Karibuni iliyosimama barabarani na injini yake yenye joto. Halafu macho yakamtoka.

"Kumbe!" akapiga kofi. "Kwa hiyo ile kumi na munane uliyoomba ilikuwa ya maili! Miye nilisema: huyu Papa anataka gari ikunywe kumi na munane, na gari ya hivi, hata mugonjwa, inakunywaka ile ile kumi na munane! Anaomba nisifanye kitu!" Na akacheka kile kicheko cha siku ya kwanza, akashika mlango wa gari, na safari hii Elkanah alijua kinachomchekesha, akacheka naye mpaka machozi. Baadhi ya machozi hayakuwa ya kucheka.

Emérance aliomba kile kipande cha boksi. Akachukua kalamu, akazungushia duara kubwa ile L/100, mara mbili, akamrudishia.

"Sasa," Joan akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "mwambie vizuri."

Elkanah alivua kofia. Alimtazama fundi yule, mikono myeusi kwa grisi, kitenge kiunoni.

"Mama Rachelle," akasema, "umejaribu."